Makaa ya Mkebe Ndiyo Ghali: Mazingira Safi Yanaanza na Pesa ya Jikoni

Ukisikia neno mazingira, huenda mawazo yako yanaenda mbali: Msitu wa Mau, ndovu wa Tsavo, mikutano mikubwa ambapo marais wanapigwa picha. Hapa Kisii na Nyamira mazingira yako karibu zaidi ya hapo. Ni moshi ulio jikoni. Ni mtungi wa lita 20 mgongoni. Ni nepi iliyokwama kwenye mawe ya mto. Ni mti wa blugamu ulio kando ya chemchemi.

Na ukiangalia vizuri, karibu kila moja ya hayo ni jambo la pesa. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na malipo ya simu tunaliongelea. Maoni yangu ni haya: familia nyingi za hapa hazichafui mazingira kwa sababu hazijali, wala kwa sababu hazijui. Wanajua sana. Shida ni kwamba njia chafu inauzwa kwa shilingi hamsini hamsini, na njia safi inadai pesa nyingi kwa mara moja. Hapo ndipo pa kuanzia, si kwa kuhubiriana.

Ardhi imebana

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii kila kilomita mraba ilikuwa na watu 957, na Nyamira 675. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Hebu fikiria maana yake. Mzee aliyekuwa na ekari tatu na wana wanne aliwaachia kila mmoja chini ya ekari moja, na kwenye kipande hicho kuna nyumba, majani chai, ndizi, ng'ombe na choo. Msitu wa kwenda kuokota kuni uko wapi?

Hata hivyo tunapika kwa kuni. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba asilimia 55 hivi ya nyumba za Kenya zilitegemea kuni, na karibu asilimia 24 tu zilitumia gesi zaidi. Kuni zikiisha shambani unanunua. Ukishindwa kununua mzigo unanunua makaa ya mkebe. Na moshi wa hizo kuni si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Anayeuvuta zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni.

Piga hesabu ya mkebe

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba yako inatumia mkebe mmoja wa makaa kwa siku, na mkebe ni shilingi 80. Hiyo ni 2,400 kwa mwezi. Tuseme tena jiko la udongo lililotengenezwa vizuri linapunguza makaa kwa theluthi moja. Umeokoa 800 kila mwezi. Kama jiko hilo linauzwa 1,500, litakuwa limejilipa kabla ya miezi miwili kuisha. Baada ya hapo hiyo 800 ni yako.

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Lakini usiweke za kukisia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari unalo kwenye simu. Kama unamlipa muuza makaa kwa simu, fungua orodha ya miamala yako ya mwezi uliopita, ujumlishe makaa, kuni, mafuta taa na tokeni za stima. Wengi wakifanya hivyo wanashtuka. Pesa ya kidogo kidogo haionekani ikitoka, manake hakuna siku inayouma.

Sasa geuza mchezo. Kama hiyo pesa inaweza kutoka hamsini hamsini, inaweza pia kuingia hamsini hamsini. Weka shilingi 50 kila siku kwenye akiba ya simu, ile iliyotengwa na pesa ya matumizi, na uipe jina: JIKO. Siku 30 ni 1,500. Hiyo ndiyo njia ya mtu wa kipato kidogo kununua kitu cha bei ya jumla bila kukopa. Kitu kimoja tu: usiwe unamtumia fundi hamsini kila siku, maana ada ya kutuma itakula jiko. Jiwekee mwenyewe, kisha ulipe mara moja.

Jikoni: mambo manne, si lazima yote

La kwanza ni jiko lenyewe. Jiko la mabati lenye udongo ndani limekuwa Kenya tangu miaka ya 1980, na la kuni lilifuata, lile la udongo ambalo wengi waliliita Kuni Mbili kwa sababu vijiti viwili vinatosha kuivisha chakula. Si teknolojia ngeni. Linajengwa na fundi wa hapa hapa. Ukilinunua, angalia kama udongo una nyufa, na uulize kama fundi atabadilisha udongo ukivunjika badala ya kukuuzia jiko jipya.

La pili ni kikapu cha kupikia. Hapa kwetu kusuka hakuhitaji mwalimu. Familia iliyozoea kuandaa obokima kwenye ekee inajua kazi ya kikapu. Chukua kikapu kikubwa, kizungushie godoro kuukuu ama nguo nzito ndani, shona mto wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku mmoja yakichemka vizuri kwa nusu saa hivi, funga sufuria, itumbukize kikapuni na ufunike. Yataendelea kuiva yenyewe kwa joto lake wewe ukichuma majani chai. Moto umezima, kuni zimebaki, na hakuna anayebaki nyumbani kuchungulia sufuria. Ukirudi yachemshe tena kidogo kabla ya kuyala.

La tatu ni gesi. Serikali iliitoza gesi ya kupikia VAT ya asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguza hadi 8 mwaka 2022, kisha mwaka 2023 ikaiondoa. Pamoja na hayo, kujaza meko ya kilo 6 kwa mara moja bado ni mzigo. Ushauri wangu ni kwamba usingoje siku utakayoweza kupika kila kitu kwa gesi. Tumia gesi kwa chai ya asubuhi, uji wa mtoto na mayai, vitu vya dakika kumi. Githeri na maharagwe yaache kwa Kuni Mbili na kikapu. Nyumba inayochanganya hivi si ya kuchekwa. Ndiyo inayopiga hesabu.

La nne ni kwa mwenye ng'ombe wa zizini. Ng'ombe wawili wakitunzwa vizuri wanaweza kutoa samadi ya kutosha gesi ya kupikia ya familia ya kawaida, na maji yanayobaki ni mbolea ya ndizi na nepia. Mtambo ni ghali, huo sitausifu kwa mtu asiye na ng'ombe wala maji karibu. Lakini kama samadi unayo na unainunua gesi, hiyo ni pesa iliyolala zizini.

Kuhusu taa, koroboi nayo ipumzike. Balbu ya LED inatumia sehemu ndogo tu ya stima iliyotumiwa na balbu ya zamani, na stima ya Kenya karibu asilimia 90 inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ambaye hajafikiwa na nguzo, taa ndogo ya sola inatosha mtoto kufanya homuwaki bila kukohoa.

Mabati yako ni kisima

Kisii na Nyamira zinapata mvua ambayo Wakenya wengi wanaiota tu, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya mabati ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina paa la mita mraba 60. Zidisha kwa 1,500: lita 90,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kupotea, zinabaki lita 72,000. Hiyo ni mitungi 3,600 ya lita 20.

Safari 3,600 za kushuka mtoni na kupanda mlima! Na wewe unayaacha maji yaanguke uani, yachimbe mfereji, yabebe udongo wa shamba la jirani hadi mtoni na kutoka hapo Gucha, kisha Ziwa Victoria. Kukinga maji ya mvua kunaokoa mgongo wa mama na udongo wa shamba kwa wakati mmoja.

Tangi kubwa ndiyo inayotisha watu. Anza na gata upande mmoja na pipa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, pipa hujaa mara nyingi hata kama ni dogo, na maji ya kufulia na ya ng'ombe hayatoki mtoni tena. Baadaye tafuta tangi. Hapa ndipo chama kinafaa kuliko mkopo. Kina mama kumi wakichanga kila mwezi kwa simu kupitia mweka hazina, kila mwezi mmoja anapata tangi, badala ya mzunguko wa vyombo vya kabatini ambavyo havitolewi hadi wageni waje. Maji ya kunywa yachemshe ama uyatibu, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa kwanza.

Takataka si ya mto

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 ama kifungo cha hadi miaka 4. Mifuko mingi ilitoweka kweli. Lakini ukisimama kwenye daraja la mto Nyakomisaro mjini Kisii utaona tulichobaki nacho: chupa, vitambaa, nepi za kutupa. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka kila mmoja wetu atenganishe taka inayooza na isiyooza tangu nyumbani. Wengi hawajaisikia, na ukweli ni kwamba hata ukitenganisha, lori la kaunti halifiki kijijini kwenu.

Basi fanya lile lililo mikononi mwako. Maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya sukuma, majivu kidogo na samadi, yote yaende kwenye shimo la mboji. Mwaka 2022 serikali iliuza mbolea ya ruzuku kwa 3,500 gunia la kilo 50, na mwaka uliofuata 2,500. Ni nafuu, lakini ni pesa, na ni foleni. Mboji haimalizi haja ya mbolea yote, ila inapunguza unayonunua na kurudisha uhai wa udongo uliochoka. Jaza gunia udongo na mboji, toboa pembeni, panda chinsaga, rinagu na sukuma. Limwagilie maji ya kuoshea mboga. Mboga ya jioni haitatoka sokoni.

Taka isiyooza ndiyo ngumu. Usichome plastiki karibu na jiko wala usiwashie moto kuni kwa juala. Ule moshi ni sumu. Chupa ngumu kusanya kwenye gunia, kuna wanaonunua kwa kilo. Na nepi tuongee wazi. Wapo wanaoogopa kuzichoma kwa kuamini mtoto ataumwa, basi zinaishia mtoni, na wa chini yako anakunywa. Nepi za vitambaa nyumbani, za kutupa siku ya safari tu: hapo utakuwa umepunguza zaidi ya nusu, na umeokoa pesa kila wiki.

Blugamu na chemchemi

Hili linauma, kwa hivyo nitalisema kwa heshima. Mti wa blugamu umesomesha watoto wengi Gusii. Unakua haraka, viwanda vya majani chai vinahitaji kuni za kukaushia majani, na nguzo zina soko. Kumwambia mtu aung'oe ni kumwambia ang'oe karo. Lakini mti huo unakunywa maji mengi, na ukipandwa bondeni unashindana na chemchemi ambayo kijiji kizima kinateka. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji iondolewe. Baadhi ya watu walikata, wengi walingoja mambo yapoe.

Sisemi uache kuuza miti. Nasema usipande blugamu mpya bondeni. Zilizoko mtoni zikikomaa, ukizivuna, usiache visiki vichipuke tena. Ukingo wa mto uachwe. Kanuni za maji zinataka mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Huko weka mianzi, nyasi ya nepia ama miti ya kienyeji. Blugamu ibaki juu kwenye kilima, na mpakani panda grevilea na kaliandra: moja ni mbao na kuni za matawi, nyingine ni chakula cha ng'ombe. Utapoteza kiasi, sikatai. Lakini chemchemi ikikauka hakuna simu itakayonunua nyingine.

Bonasi ni ya nani?

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Kwenye nyumba nyingi za majani chai, anayechuma ni mama, anayepika ni mama, anayebeba maji ni mama na wasichana. Lakini akaunti ya majani ni ya baba, na bonasi ikifika karibu Oktoba inaingia kwa baba. Ndiyo maana jiko bora linakosa kununuliwa mwaka baada ya mwaka. Asiyevuta moshi haoni haraka. Asiyebeba mtungi hasikii uzito wa gata lisilokuwepo.

Wazee wangu, hili si la kugombana. Mkiketi kupanga bonasi, jikoni kuwe kwa kwanza kabla ya nyama choma ya Keroka na kabla ya redio kubwa. Siku hiyo hiyo pesa inapoingia, tenga sehemu ndogo, hata asilimia 10, uitume kwa akiba ya mama mwenye jiko, aamue yeye: jiko, gata au meko. Kuni zikipungua, ni wewe pia utaacha kununua mzigo. Mtoto akiacha kukohoa, ni wewe utaacha kulipa hospitali. Na vijana walioko Nairobi wanaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, badala ya kutuma elfu moja ya "matumizi" miezi sita, zungumza na mama umlipie fundi wa gata moja kwa moja. Hiyo haitaisha kesho.

Mtu atauliza: kwani ni sisi maskini ndio tumeharibu dunia? La. Viwanda na nchi tajiri wamechoma zaidi yetu mara nyingi sana, na kaunti zetu bado zina deni kwetu la maji safi na magari ya taka. Tuendelee kuwadai. Lakini moshi wa jikoni mwako hautoki kwa tajiri, na hautangoja mkutano wa marais.

Kabla ya kubonyeza tuma

Mambo machache, kwa sababu pesa ya jiko isiwe pesa ya matapeli.

Ukipewa sola, jiko ama tangi ya kulipa mos mos, uliza bei ya pesa taslimu, kisha ujumlishe mwenyewe. Malipo ya kwanza 3,000 na 50 kwa siku kwa siku 365 ni 21,250. Kama dukani kifaa hicho ni 14,000, basi 7,250 ndiyo bei ya kungoja. Huenda kwako inafaa, ili mradi umeijua. Uliza pia: nikikosa kulipa wiki moja, kinazimwa? Kikiharibika, fundi anatoka wapi?

Usichukue mkopo wa haraka wa simu kununulia jiko. Riba na ada zinaweza kumeza kile ulichokusudia kuokoa. Akiba ya siku 30 inatosha.

Lipa kwa namba ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina lisipolingana na la duka, acha. Namba ya siri haipewi fundi, haipewi wakala, haipewi mtu anayesema anapiga kutoka kwetu. Ujumbe wa malipo usiufute, ndio risiti yako.

Huna haja ya kuanza na yote haya. Leo jioni fungua simu, jumlisha makaa ya mwezi uliopita, muonyeshe mwenzako hiyo namba. Kisha muulizane swali moja: hamsini ya kwanza ya kesho tunaiweka wapi?